Mchi Uliosimama Majini

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Huku Viwanja Sitini maji yamerudi uani kwako, na safari hii yamekuja jua likiwaka. Mtaani kwetu halikuanguka hata tone; mvua ilinyesha huko milimani juzi yake. Jana saa saba mchana kalavati la barabarani lilitoa sauti, hoo, hoo, kama mtu anayepiga hodi nyumba isiyo na watu. Kuku wakanyamaza wote kwa pamoja. Nilipotoka, ua ulikuwa tayari unang'aa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiyapima? Nikiwa darasa la nne, ulikuwa unasimamisha mchi wako wa kutwangia katikati ya ua, kisha unahesabu vidole vya unyevu. "Vidole vinane, baba. Nyanyua magunia." Hukuwahi kukosea. Halafu unakwenda nyuma, unafungua uwazi kwenye uzio wa matete, unasimama pembeni kama unampisha mkwe, unasema, "Pita, usikae."

Nilicheka. "Mama, kwani maji yanasikia?"

"We yazibe, uone kama hayasikii."

Niliyaziba, Mama. Nakiri hapa mbele ya wote watakaosoma. Nilianza na kalibu moja ya kufyatulia tofali, leo nimejenga nusu ya nyumba za mtaa huu. Mwaka uliofuata baada ya kukuzika, nikaona aibu fundi mzima kuwa na uzio wa matete. Nikasimamisha ukuta wa kozi tisa za tofali, mita ishirini na nne, bila tundu hata moja. Nilijiona mtu kweli kweli.

Lakini kosa langu lisibebe na la wenzangu. Halmashauri walipoinua barabara waliweka kalavati lile, mdomo unatazama geti letu. Wakaondoka. Mtaro wa kuyapokea maji na kuyafikisha mbugani hawakuchimba. Nimepima kwa futi kamba: kutoka ukuta wangu wa nyuma hadi mbugani ni mita themanini na sita. Zilizochimbwa ni sifuri. Barua nne nimepeleka. Mhandisi alikuja mara moja, hakushuka garini.

"Mzee, wewe ndiye uliyezuia njia ya maji."

"Maji ya mama yangu yalikuwa vidole vinane. Haya mnayonimwagia ni ya mtaa mzima."

"Tutaliingiza kwenye mpango."

"Ufa wa chumba cha mama ulikuwa sentimita moja, sasa ni nne. Mpango wenu unakuja ikifika ngapi?"

Akafunga kioo.

Sasa hili usinicheke. Mchi wako nilikuwa nimeulaza stoo. Maji yameingia mara tatu, na mara zote tatu nimeukuta umesimama wima majini uani, umeegemea ukuta wangu wa nyuma. Mimi ni fundi, nikajitafutia sababu: ncha moja imeoza imekunywa maji, inazama, nyingine inaelea. Sawa. Ila mara ya tatu nilikuwa nimeufunga kwa kamba kwenye boriti. Kamba niliikuta palepale, fundo halijafunguliwa.

Nikapima. Mita saba na nusu kutoka kona, mara zote tatu. Mama Sesi, jirani wa nyuma, alichungulia juu ya ukuta akanishangaa.

"Unapima nini, fundi? Hapo si ndipo marehemu alipokuwa akiyapitishia?"

Nilikuwa nimesahau.

Nikaenda kuchukua nyundo, kisha nikasita, maana nikitoboa yanaingia kwake. Nikamwambia hivyo.

"Toboa, nyumba ya marehemu isije ikakuangukia. Mpunga nimeshaupandisha darini. Ila wakichelewa kuchimba huo mtaro, nahamia chumba cha mama yako na bata wangu wote."

Tofali sita zilitosha. Maji yalizunguka mara moja uani, taratibu, kama mgeni anayetazama alichosahau, ndipo yakatoka. Chumba chako kilikuwa kitupu baada ya dakika arobaini. Kwa Mama Sesi yalifika magotini, na bado yapo. Kwa hiyo wakubwa wakiisoma hii, wajue upande wangu nimeubomoa kwa mkono wangu. Zimebaki mita themanini na sita, nazo si za fundi wala za mama wa watu mwenye bata.

Mchi sikuufunga tena, niliuegemeza tunduni. Asubuhi hii nimeukuta ng'ambo, hatua kumi ndani ya uwanja wa Mama Sesi, kwenye kinundu cha udongo ambako maji hayakufika. Umesimama wima, bila cha kuegemea, kwenye mstari ulionyooka kwenda mbugani. Bata wameuzunguka kwa mbali, kimya.

Sikuugusa. Nimepigilia kigingi pembeni yake, alama ya mtaro upite wapi; kesho nakwenda ofisini kwao na barua ya tano, na sitoki mpaka mhandisi apande gari nami aje kukiona.

Tangulia, Mama. Pita, usikae. Nitawaleta wachimbe.

Mwanao,
aliyeziba.