Igizo la Binti Yairo

Paskalina, leo nimeharibu. Nimeharibu vibaya.

Sunday school niliwaigizia watoto binti Yairo, yule aliyefufuliwa na Yesu. Nikalala chini mwenyewe, nikajifunika kitenge, nikakoroma ili wacheke. Nikawaambia hajafa huyu, amelala tu, mwiteni! Wakapiga kelele "Binti, amka!" Nikafufuka nacheza.

Damari alikaa mbele kabisa. Damari yule tuliyemzika mama yake Alhamisi. Nilimwona, na bado nikaendelea!

Jioni bibi yake kanipigia, njoo. Nikamkuta mtoto kaburini, nyuma ya nyumba, mvua inanyesha, anafukua udongo kwa mikono. "Mama, amka! Mama, amka!"

Nikamwamkia bibi shikamoo. Hakuitikia. Akasema tu, "Mwambie wewe, mwalimu. Sisi anasema tunamdanganya."

Nikapiga magoti kwenye matope. Damari akaniangalia. "Mwalimu, ita na wewe. Wewe una sauti kubwa."

Paskalina, eti UNA SAUTI KUBWA.

Nikambeba ndani huku ananipiga. Kasema kesho anarudi kumwita.

Twende wote asubuhi, nakuomba. Wewe ulifiwa na mama ukiwa mdogo hivyohivyo, utajua la kumwambia.

Paskalina?

Naona umeshasoma. Nijibu basi.