Roboti Aliyeamini Ulichosema

Mjukuu wangu Atupele, ugonile.

Huku Isongole mvua haikatiki, viazi vinaoza shambani. Mama yako mdogo amejifungua salama, mtoto wa kike. Mimi sijambo.

Unauliza kama yule roboti mwenzako unayecheza naye briji kwenye simu ni mjinga, maana ulikuwa na karata nzuri, ukataja kidogo, naye akakuacha hapohapo. Si mjinga. Aliamini ulichosema.

Mimi na bibi yako tulifundishwa briji na mwalimu mkuu, mgeni kutoka Tanga, tulipokuwa walimu vijana. Siku moja wazee wa kijiji walikuja kututazama. Kabla ya kucheza, kila mtu hutaja anadhani watakula mara ngapi zaidi ya sita, yeye na mwenzake. Bibi yako akataja moja, kwa sauti ndogo. Mimi nilimjua. Huyo ndiye aliyembebea mama yangu mkungu mzima wa ndizi kichwani, akafika akasema, "Nimekuletea vijindizi." Mbele ya wazee asingejisifu hata kwa karata. Nikataja nne.

"Una wazimu?" mwalimu mkuu akaniuliza.

Tulikula zote nne, na zaidi. Bibi yako aliniangalia tu.

Roboti hana mazoea hayo, mjukuu wangu, kwa hiyo yeye mtajie vyote ulivyo navyo. Nakomea hapa, mkono umechoka. Tangu bibi yako atangulie, nikisema sijambo, kila mtu ananiamini.

Babu yako