Kilichokuwa Chini ya Mgomba wa Nyuma ya Choo

Mpendwa Baba Koku,

Salamu zitangoja. Kwanza nikwambie kwamba nimenawa mikono kwa sabuni ya mche, nikanawa kwa limau, nikanawa kwa majivu, na bado inanuka. Inanuka choo. Choo chetu, mume wangu, kile ulichokichimba mwenyewe nyuma ya nyumba ukajisifu kwamba Ihembe nzima hakuna shimo lililonyooka kama lile. Nimekasirika, ndiyo, lakini kinyaa kimezidi hasira. Hata chai ya asubuhi nimeiacha mezani.

Unaukumbuka ule mgomba wako wa pale nyuma? Utausahau vipi, ulikuwa unauamkia kabla ya kuniamkia mimi! Jua likikausha migomba yote ya kibanja chetu, wenyewe ulibaki wa kijani, umenenepa, mkungu umeinama mpaka tunauwekea nguzo. Jumapili ya mavuno ulipoupeleka ule mkungu kanisani, mnada ulipofika kwake watu walipanda juu ya mabenchi wauone. Mchungaji akakuuliza siri yake. Ukakohoa kidogo, ukasema, "Ni samadi, mchungaji. Samadi na maombi." Vigelegele! Nami nimekaa na kina mama, kichwa kimevimba, kila mtu ananipa mkono.

Samadi na maombi! Mungu akusamehe. Lile lilikuwa bomba, Baba Koku. Bomba lililopasuka.

Nikueleze kama vile hujui, ingawa unajua kuliko mimi. Ulipokuwa unachimba choo, sururu yako ilipiga bomba la maji linalopita pale kuja jikoni. Badala ya kwenda Omurushaka kununua kiungio na kipande cha bomba jipya, ukalifunga tambara, ukazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, ukafukia, ukapanda mgomba juu, halafu ukatandaza nyasi nene kama tunavyotandaza kibanja chote. Nani angeona? Siku moja nilikuuliza mbona pale panateleza hata kiangazi. Ukanijibu bila kugeuka, "Bomba linatoa jasho tu, mama. Hata wewe ukibeba mzigo si unatoa jasho?" Nikacheka. Ulijua kunichekesha, mwanaume wewe.

Presha ikakuchukua, tukakuzika, na jasho la bomba lako likatufuata mezani. Koku, mtoto wako, alianza na tumbo, ikaja homa, akawa analala mchana kutwa hata uji hautaki. Hospitali wakasema ni homa ya matumbo, tena imekomaa. Daktari akaniuliza tunakunywa maji gani. "Ya bomba," nikamjibu kwa maringo. "Mnayachemsha?" akauliza tena. Nikamjibu kwa maneno yako, yale uliyonirushia kila nilipotaka kuinjika sufuria: "Maji ya bomba nayo yachemshwe? Basi turudi kisimani." Daktari akaendelea kuandika.

Nikarudi nyumbani kuchukua nguo za mtoto. Maji yalikuwa yamekatika tangu jana yake, ndiyo kwanza yanarudi. Nikafungua koki ya jikoni. Ikakoroma, ikatema kitu cha rangi ya uji wa ulezi, na ndani yake funza. Mweupe, mzima, anajikunja kwenye beseni ninalooshea mchele. Nilitapika palepale. Nikaelewa yote kwa mara moja: maji yakikatika, bomba lenye tundu hunyonya chochote kilicho jirani yake, na jirani wa lile lako ni shimo la choo. Hayo ndiyo tumekunywa. Tumepikia maharage, tumemwogeshea mtoto, tumewakaribisha wageni. Wewe mwenyewe uliyanywa kwa kikombe, ukafuta ndevu, ukasema maji matamu. Ptuu!

Nikachukua jembe. Kaka yako Mutalemwa akaja mbio kutoka kwake.

"Shemeji, usithubutu! Huo mgomba ndiyo kumbukumbu tuliyobaki nayo. Kibanja ni cha ukoo. Ukiukata, umemzika ndugu yangu mara ya pili."

"Shemeji," nikamwambia, "wa kuzikwa mara ya pili hayupo. Wa kuzikwa mara ya kwanza yupo, amelala hospitali."

Akaondoka. Hata kunipokea jembe hakunipokea. Nikaukata mgomba wako peke yangu, nikang'oa shina, nikachimba. Tope jeusi, zito, minyoo minene, na harufu iliyoniingia mpaka kwenye meno. Mizizi ilikuwa imelikumbatia bomba. Nikafungua ule mpira, duru baada ya duru, nikafika kwenye tambara. Nikalisuuza pembe moja kwenye ndoo. Kijani. Ndege wa njano.

Kitenge changu, Baba Koku. Kile nilichovaa siku uliponitoa kwetu Nyakatuntu, nikashuka kwenye gari mama yako akashika pindo lake akasema mwanangu kaleta ua. Kitenge ulichoniambia kimeliwa kwenye kamba ya kuanikia na ng'ombe wa yule mzee mfugaji wa bondeni! Ulikwenda kwake umekunja uso, mzee wa watu akaomba radhi akiwa amevua kofia, na msimu mzima akatuletea kibuyu cha maziwa kila asubuhi. Nawe ukayapokea. Ukayanywa. Ukamwambia, "Yameisha, mzee, ng'ombe hana akili." Hivi uso uliuweka wapi?

Koku ametoka hospitali jana. Amekonda, macho tu, lakini ameomba ndizi, nami nimelia kwa kuombwa ndizi. Bomba jipya nimelinunua, nimelipitisha upande wa barabarani, mbali kabisa na choo, na maji nachemsha. Ameketi mlangoni na kikombe chake, na kila mara kabla ya kunywa ananitazama kwanza, anauliza, "Mama, haya ni mazuri?" Mtoto wa umri wake kuogopa maji ya nyumbani kwao. Hilo ni lako.

Lakini kinachonichefua kuliko yule funza ni kwamba uliona heri kumsingizia ng'ombe kuliko kuniambia mimi. Ungeniambia tu. Ningekipasua kitenge hicho mwenyewe kwa meno, nikakushikia bomba wakati unafunga, na kesho yake tungepanda gari pamoja kwenda Omurushaka kununua kiungio.

Leo asubuhi nimekifua, nimekianika kwenye kamba ileile. Ndege wamebaki wawili. Jioni nakipeleka bondeni, yule mzee akione kabla naye hajakufuata.

Lala, Baba Koku. Nakupenda bado, na bado nanuka.

Mkeo,
Mama Koku