Karakana Haijafungwa

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepoa, na wifi na watoto hawajambo. Huku sisi ni wazima. Mama anakusalimu sana. Picha amezipata, ila anasema umekonda. Wifi asikasirike, mama ndivyo alivyo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonishikisha kalamu. Unataka nifunge karakana ya baba na nikutumie ufunguo, chumba kipangishwe, kwa sababu mtu akitafuta fundi cherehani kwenye simu, ule mtambo mkubwa wa kutafutia unamwambia kwamba tumefunga moja kwa moja. Unasema asiyeonekana humo hayupo. Kaka, mimi nipo. Nimekalia stuli ya baba, mikono imejaa grisi, na cherehani tatu zinanisubiri.

Hapa mtaani mtambo huo tunauita Mjuaji. Fundi viatu wa jirani ndiye aliyeubatiza, siku ulipompeleka mteja wake upande wa pili wa mji, kwa mtu aliyelipia kutangulizwa. Nilimwandikia huyo Mjuaji nikimwomba arekebishe habari zetu. Akataka namba ya siri, akaituma kwenye simu ya baba. Laini ya baba ilishakatwa. Nikaeleza kwamba mwenye simu amefariki. Nikajibiwa kwa adabu kwamba namba imetumwa kwenye simu ile ile. Mara sita! Miezi yote hiyo nilikuwa nafukuza nzi tu.

Basi mafundi wa mtaa tukakutana kwenye chumba cha maktaba. Mkutubi alitueleza kuwa ipo mitambo mingine ya kutafutia, mingine hata haikumbuki ulichouliza jana. Mshonaji wa sare akabisha, akasema baadhi yake huchota kwa wakubwa hao hao: kisima ni kimoja, ndoo tu ndizo zimepakwa rangi. Fundi viatu akaona tunapoteza muda, tembo hafukuzwi kwa fimbo. Hapo nikasimama, kaka, mimi uliyekuwa ukinicheka kwa woga. Nikasema sina ugomvi na tembo, ninachokataa ni yeye peke yake kuulizwa njia. Kabla yake watu walikuwa wakiulizana, na walifika.

Tulibishana mpaka mkutubi akatukumbusha kwamba maktabani watu hunyamaza. Mwishowe ametutengenezea ukurasa mmoja wa mtandaoni, hauna hata tangazo moja. Unaandika kilichoharibika, unaonyeshwa anayekitengeneza, na aliye karibu nawe ndiye anayetangulia. Nafasi ya kwanza haiuzwi. Tena kila fundi anagawa kadi yenye wenzake wote. Mimi naibandika ndani ya droo ya kila cherehani inayotoka hapa. Fundi viatu anaitia ndani ya kiatu, na wateja wanalalamika kwamba inawatekenya. Baba alikuwa akisema kizuri chajiuza, nawe ulimcheka. Mwezi huu nimetengeneza cherehani kumi na tisa, na wengi walionijia waliiona kadi kwenye droo ya jirani. Sisemi tumeshinda. Bado wapo wanaofika na kushangaa kunikuta.

Sasa kaka, lipo jambo sijamwambia mtu, hata mama. Umekuwa ukiapa kwamba kuna mshindani aliyetuchongea. Hakuna. Ni mimi. Siku ya tatu ya msiba nilikaa kwenye ngazi ya karakana, nikitazama simuni ile picha ya baba akiwa mlangoni, uliyoiweka wewe mwenyewe kwa Mjuaji. Simu ikaniuliza kama mahali hapa pamefungwa. Mlango ulikuwa na kufuli na baba yuko kaburini. Nikajibu ndiyo. Nilidhani ninaulizwa tu kama watu wanavyoulizana, na kwetu hatukufundishwa kumdanganya anayeuliza. Kwa neno moja la mtu anayelia, Mjuaji akatangaza kwamba tumefunga kabisa. Na neno langu kwamba tumefungua, hataki kulisikia.

Nimeibeba aibu hiyo miezi mitano, leo naitua. Kosa ni langu na nakuomba radhi. Nigombeze unavyotaka, nitanyamaza. Lakini jibu nililotoa nikilia halitaifunga kazi ya baba, wala wewe hutaifunga karakana ambayo hujaikanyaga tangu mazishi. Samahani kwa ukali, nimeandika ninavyohisi.

Wape watoto salamu za shangazi yao, na wifi mwambie ile cherehani yake inayoruka nyuzi asiiguse, nitaitazama mkija.

Ndani ya bahasha utapapasa kitu kigumu. Si ufunguo, ni kadi yetu. Ufunguo uko kwenye kamba shingoni mwangu, na kesho saa moja na nusu asubuhi nafungua.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi.