Mahindi ya Kutulizia Besi

Dodoma, Novemba 1993

Mpendwa Shangazi Sikudhani, shikamoo, na pole kwa kazi ya kubeba matatizo ya watu wasiokujua. Naomba msaada wako kabla sijachanganyikiwa, kwa sababu mke wangu Elieth ameondoka na watoto kwenda kwao Kongwa na hakuna anayenielewa, si ndugu, si majirani hapa kwenye kota za Area C, wala wenzangu ofisini, ambao nikianza kueleza wanacheka kabla sijafika katikati.

Mimi ni mtumishi wa serikali, umri wangu ni miaka arobaini na kitu, silewi, sina nyumba ndogo, na starehe yangu tangu ujana ni muziki tu. Miaka yote ile ambayo hata sabuni ilikuwa ya foleni nilivumilia redio kaseti ndogo iliyokaa sebuleni juu ya kabati la vyombo, sauti yake ya puani, kila mtu anaishika anavyotaka, watoto wakicheza rumba mbele yake na kutimua vumbi, na mke wangu akikata wimbo katikati ili asikilize matangazo ya vifo. Sasa hizi ni zama za ruksa, mtu akipata chake anafurahi nacho, na mwaka jana mtaalamu mmoja wa mifugo kutoka Ulaya alipomaliza mkataba wake nilibahatika kuuziwa spika zake mbili, za zamani sana, za mbao ya kweli na siyo hizi za plastiki zinazoletwa kutoka Dubai, kimo chake zinanifika kifuani, kitambaa cha mbele rangi ya kahawia, koni ya besi inazidi sinia la pilau, pamoja na amplifaya yake na mashine ya kuchezea santuri. Elieth hakunung'unika hata kidogo. Alisema, "Hongera, baba Brightness, umezitamani siku nyingi," akachukua kitambaa akanisaidia kuzifuta.

Nikazitengea chumba cha tatu, kile walimokuwa wakilala watoto na ambamo pia tunaweka chakula baada ya mavuno, watoto wakahamia sebuleni kwenye mkeka, na nikaanza kusikiliza. Shangazi, niliumia moyo. Sakafu ni sementi tupu, kuta tupu, sauti inakwenda inarudi, besi inavuma mpaka vikombe vinatetemeka, mwimbaji anajibizana na mwenyewe. Mwenzangu Castory, tunakaa naye ofisi moja na zamani alifanya kazi ya kurekodi bendi, akaja akasimama katikati ya chumba, akapiga makofi, akasikiliza, akaniambia, "Bwana Ludo, spika hazina kosa. Ni chumba kinachopiga kelele." Alitaka kuendelea kunieleza, lakini mimi nilikuwa nimeshachoka kusikia habari mbaya nikamsindikiza.

Ikafika Julai. Elieth analima Kongwa pamoja na mama yake, kila mwaka analeta mahindi, na safari hii yalikuja mengi, yakapangwa mle chumbani kama kawaida, magunia yamebebana mpaka karibu na dari. Jumapili nilipotoka kanisani nikaweka santuri, na nakuapia machozi yalinitoka, besi imetulia, gitaa unalisikia kila uzi, mwimbaji amesimama mbele yako. Magunia yalikuwa yameumeza mwangwi wote! Nikayapanga upya, mengine kwenye pembe za nyuma, mengine ukutani, nikayasogeza kidogo kidogo kwa wiki nzima mpaka kila moja likapata mahali pake, na hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana Elieth akija kuchota mahindi ya kupeleka mashine gunia linalegea na sauti inaharibika, nikimsihi achote katika gunia la mlangoni ambalo halina madhara ananiangalia tu. Nikaweka kufuli. Nikamwambia nitaleta sembe ya dukani, na nimeleta, hakuna aliyelala njaa, ila yeye anasema ni aibu mkulima kununua unga na mahindi yake yamo ndani. Akataka tuyatoe nje tuyaanike na kuyachanganya na dawa ya unga kwa sababu ya wadudu wa dumuzi, nikakataa, kwa kuwa unga ule ukiingia kwenye koni za spika ndiyo basi tena.

Mwezi uliopita mama mkwe akaja kututembelea. Akamkuta binti yake anasonga ugali wa unga wa kununua, akauliza, "Elieth, mahindi tuliyolima yako wapi?" Elieth akanitazama mimi. Mama akachukua ungo akaenda mwenyewe mpaka kwenye chumba, ambacho nilikuwa nimekifungua nasikiliza, na mimi nikasimama mlangoni nikanyoosha mkono nikasema, "Mama, humu usiingie, utaharibu mpangilio." Sikumsukuma, Shangazi. Ungo ndio ulimponyoka. Najua kwao Wagogo mkwe hukaa mbali na mkwewe kwa heshima, wala hawagusani, lakini mimi ni mtu wa Bukoba na nilikuwa katikati ya wimbo. Mama akaokota ungo wake, akasema maneno machache kwa Kigogo, Elieth akafunga nguo za watoto, wakaondoka na basi la mchana.

Sasa nimebaki peke yangu na hata muziki haunifurahishi, kwa sababu magunia yamenywea yenyewe, ukiyagusa yanatoa unga, na mwangwi umerudi. Chini ya spika ya kushoto nako kila asubuhi nakuta vumbi laini la rangi ya mbao, nadhani ni uzee na ukavu wa hewa ya Dodoma, nalifagia. Nimwambie nini Elieth arudi? Na je, nitakosea nikimwomba aje na mahindi mengine, au walau magunia ya pumba? Jina langu ukipenda litoe, sina ninachoficha.

Ni mimi, Ludovick.

SHANGAZI SIKUDHANI ANAJIBU

Marahaba, Ludovick. Kama kuna santuri inazunguka izime kwanza, labda uwe umeshazimiwa na mgao wa umeme.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikadhani umelewa, nikakumbuka umesema hulewi, nikaisoma tena. Nimejua kimo cha spika, rangi ya kitambaa chake na upana wa koni yake. Nimetafuta majina ya watoto wako sikuyaona. Mmoja nimemwokota mdomoni mwa mkeo, Brightness, na wengine hata idadi hukuniambia, umetaja tu kwamba walihamia kwenye mkeka. Yaani watoto wamelala sakafuni ili mbao za Mzungu zipate chumba, halafu unashangaa huna wa kukuelewa! Na unajisifu huna nyumba ndogo. Unayo, baba. Iko ndani ya nyumba kubwa, ina kufuli, na ufunguo unatembea nao mfukoni.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Mahindi nimeyalima na kuyapukuchua mpaka vidole vikatoka malengelenge, kwa hiyo usinieleze gunia la mahindi kana kwamba ni pazia. Mkeo alishika jembe kwenye jua la Kongwa, akasubiri mvua ya huku ambayo nayo ina maringo yake, akapalilia, akavuna, akapakia, akakuletea mpaka mlangoni. Wewe mchango wako ulikuwa kusogeza. Wiki nzima ulipata nguvu ya kusogeza magunia, na kwenye barua nzima sijaona siku moja uliyokwenda kushika jembe.

Halafu ukamnunulia mkulima unga. Umekaa Dodoma miaka yote hiyo na bado inabidi ufundishwe. Mke wa mtu akionekana dukani mwezi wa nane ananunua sembe, jirani hasemi mumewe ana spika nzuri. Anasema shamba limemshinda huyu, ni mvivu, au mumewe ameuza chakula. Ulimvua Elieth jina lake mtaani ili wewe usikie gitaa kila uzi. Mwanamke aliyekufutia vumbi la spika zako kwa mkono wake mwenyewe na kukupa hongera! Mimi ningezifutia nje ya dirisha.

Tuje kwa mama. "Sikumsukuma, ungo ndio ulimponyoka." Una bahati mimi siye yule mama. Mtu mzima ametoka Kongwa, anataka kuona chakula alichokilima kwa mikono yake, unamnyooshea mkono mlangoni kama karani wa forodha. Na watu wa Bukoba usiwasingizie, nimekaa nao, heshima kwa wakwe wanayo ya kutosha na kugawa. Miaka yangu yote kwenye kazi hii wanaume wameniletea visingizio vya pombe, vya majini na vya kurogwa. Cha kuwa katikati ya wimbo ni kipya, nakupongeza.

Sasa hilo vumbi unalofagia. Mkeo alikutajia dumuzi ukaona anataka kukuharibia koni. Dumuzi hali mahindi peke yake, Ludovick. Anatoboa mbao, akikosa kingine anatoboa hata sabuni. Chukua tochi, piga magoti, magoti ambayo ulipaswa kumpigia mama, uangalie nyuma ya spika ya kushoto, chini. Utaona vitundu vya duara, vingi, vimepangika vizuri. Wamemaliza jasho la Elieth, sasa wamehamia kwenye besi. Wewe mwenye masikio makali zima mashine utege sikio, utawasikia wakitafuna. Ningecheka, lakini mahindi yale yalikuwa chakula cha watoto hadi mavuno mengine, na yamegeuka vumbi ndani ya chumba ulichokifunga wewe, huku mwenye mahindi akikuomba ufungue. Hilo limenikasirisha kweli na sitakuficha.

Sikiliza la kufanya. Leo hii toa magunia yote nje. Kinachofaa kipepete, kilichobaki vumbi kichome mbali na nyumba. Spika nazo zitoke juani, na kama zimeshaliwa sana zichome pamoja na vumbi hilo, usinililie. Chumba kifagie, kipigwe dawa ile ile uliyoikataa, vitanda vya watoto virudi mahali pake kabla hujakanyaga basi. Kufuli litupe chooni.

Kisha nenda Kibaigwa ukanunue mahindi makavu, mengi kama yale uliyowalisha wadudu, uyapakie mpaka Kongwa. Usimwendee mama mwenyewe mikono ikining'inia. Mtafute aliyekuwa mshenga wako, atangulie yeye, wewe ubaki nje ya ua mpaka uitwe, hata jua likikuzamia hapo hapo. Ukiitwa, neno besi lisikutoke. Neno mpangilio lisikutoke. Sema, "Nilimzuia mama mlango wa chakula chake, nimekuja kuomba radhi," halafu unyamaze, jambo ambalo najua litakuwa gumu kwako. Faini watakayokutoza ilipe bila kuuliza. Mvua zinakaribia, kwa hiyo omba likizo ofisini, shika jembe, ulime hilo shamba pamoja nao. Elieth akisema harudi Dodoma mpaka palizi iishe, palilia. Akisema harudi kabisa, mahindi hayo ni yake na hakuna wa kumlaumu, mimi wa mwisho.

Habari ya kumwomba aje na magunia ya pumba, thubutu! Ukilitamka hilo Kongwa usiniandikie tena.

Na kwa kuwa roho yako bado iko kwenye mwangwi, nitakujibu na hilo, maana Castory alitaka kukueleza ukamsindikiza. Chumba chenye watu hakivumi. Kile kiredio cha sauti ya puani ulikisema kwa kila kitu, ukasema kinashikwa na kila mtu, ukasema watoto wanacheza mbele yake, ukasema mkeo anakikatiza wimbo ili asikilize vifo. Nimeirudia sehemu hiyo ya barua yako taratibu, Ludovick, na mwangwi hukuulalamikia.