Sahihi ya Tano

Jumatatu, 3 Mei 1976
Mvua tena. Nimepalilia miche peke yangu. Klabu yetu ya misitu ilikuwa na wasichana kumi na wawili. Tangu mwalimu aliyeianzisha ahamishwe, tumebaki wanne. Leo imefika barua ya makao makuu, Ulaya. Klabu zote zilizo chini yao, nchi zote, zipige kura juu ya sheria moja: mwanachama asikate kuni msituni. Tawi lisilo na sahihi tano linafutwa. Barua ya majibu iondoke Ijumaa.

Jumanne, 4 Mei
Tumepiga kura. Ndiyo mbili, yangu mojawapo. Hapana mbili. Wa tano angekuwa Manka. Mwezi uliopita nilimkuta anashuka na mzigo wa kuni, nikamwita mwizi mbele ya wenzetu. Akatoka klabuni. Akahama pia dawati tulilokaa pamoja.

Nimeshika kalamu niandike jina lake. Mwandiko wake naujua. Nimeiweka chini. Nimejichukia.

Jumatano, 5 Mei
Nimekata jani la isale mpakani mwa kihamba chetu cha migomba, nikalifunga fundo, nikampelekea. Kwetu wazee ndio huombea msamaha kwa isale, wakiwa na mbuzi, na anayepelekewa hakatai. Manka amecheka mpaka akashika mlango.

“Isale, wewe mtoto! Na mbuzi yuko wapi?”

Kisha amelipokea. Amesema kesho nilete karatasi, atatia sahihi.

Furaha imeniishia njiani. Kama hawezi kukataa, hiyo ni kura gani?

Alhamisi, 6 Mei
Nimemwambia isale ni ya msamaha tu. Kura ni yake, na anaweza hata kuniacha bila sahihi. Amesoma karatasi polepole, mama yake akipuliza moto chini ya sufuria ya mtori. Kuni mbichi. Moshi umetutoa machozi sote.

Ameandika hapana. Tatu kwa mbili. Tawi limepona, mimi nimeshindwa. Penye nafasi ya maoni ameongeza: “Ninyi huko mnapikia nini?”

Ijumaa, 7 Mei
Katibu ni mimi, kwa hiyo natafsiri. Nimejaribu kulipamba swali la Manka kwa adabu. Mara tatu. Kila mara limekuwa refu na halikuuliza kitu. Nimeliandika kama alivyoliandika. Sijui kama watajibu.

Nimeteremka Moshi mjini, nimetia barua posta.

Asubuhi darasani nilisogea upande wa dawati ulio ukutani, kama zamani tulipokaa wawili. Nafasi ya Manka ilibaki wazi mpaka kengele ya mwisho. Sikurudi katikati.