Asumini, Barafu Zako Hazikuwa na Kosa

Mwaka mzima umetimia leo, Asumini, tangu Jumamosi ile tulipokuzika magharibi, watu saba tu nyuma ya jeneza, kwa sababu wengine wote waliogopa kutoka nje.

Ramla binti yetu ndiye anayeandika. Mimi mume wako Hassani nasema, yeye anabonyeza simu. Vidole vyangu unavijua, vilizoea usukani wa Fuso. Anasema tangazo hili litaingia kwenye grupu la WhatsApp la kartie yetu, mtaa wa Mapendo, na jingine litabandikwa mlangoni. Ameniomba niseme maneno mazuri na mafupi kama wafanyavyo watu wengine. Nimemwambia nitajaribu. Mimi na maneno mazuri hatujawahi kuelewana, na wewe umeishi na jambo hilo miaka thelathini na moja.

Basi tuanze na barafu, maana hakuna anayekutaja wewe, Mama Twahiru, bila kutaja barafu.

Watoto wa shule waliziita glasi, kwa Kifaransa chao cha darasani. Wewe ulikataa katakata. "Ni barafu," ulisema, kwa kuwa ndivyo ulivyosikia Kigoma kwa shangazi yako, ulipokwenda na baba yako kununua vitenge ukiwa bado mutoto. Baba yako alirudi na vitenge. Wewe ulirudi na hamu ya barafu, na haikukutoka tena.

Ulikuwa na za marakuja, yaani pesheni, za nanasi, na Ijumaa peke yake za maziwa ya Masisi yenye iliki. Marakuja nilikuletea mimi mwenyewe kutoka mji wa Kiwanja, gunia moja chini ya kiti changu, na nikilikalia vibaya ulinigombeza mbele ya matandiboy, wapakizi wa lori langu. Ulimimina juisi kwenye vifuko vyembamba vya plastiki, ukafunga fundo moja dogo, ukavilaza kwenye frigo mstari kwa mstari, na ole wake atakayefungua mlango kabla ya asubuhi.

Na wakati wa kiangazi sasa! Shule zimefungwa, vumbi jeusi la volkano limewapaka watoto mpaka magotini, wamejaa kwenye dirisha la jiko wanapiga kelele, "Mama Twahiru, mimi ya maziwa! Mama Twahiru, huyu amenipita!" Mutoto anang'ata kona ya kifuko, anatema kile kipande cha plastiki, ananyonya mpaka rangi yote iishe na kubaki barafu nyeupe isiyo na utamu wowote, na hiyo nayo anaitafuna mpaka meno yanamuuma. Ninyi mnaosoma kwenye grupu hili, msijifanye. Nusu yenu mmekulia dirishani pale, na wengine wenu mlirudi na ndevu zenu mkisema mnamnunulia mutoto.

Mimi frigo lile lilikuwa adui yangu. Lilikaa sebuleni kama mkwe, likikoroma usiku na mchana. Siku ya Idi ulitoa nyama yangu ili barafu zipate nafasi. Nilipiga kelele, ukacheka, ukanipa barafu ya maziwa ninyamaze. Nilinyamaza.

Lakini kitu ambacho watu hawakukiona ni maji. Maji ya robine, ya bomba, hukuyaamini, hata yakiwa na dawa. Uliyachemsha yote. Uliweka sufuria kwenye mbabula, jiko letu la makaa, ukangoja mpaka mfuniko ucheze wenyewe, na hapo ndipo ulipoanza kusoma Kulhuwallahu, mara ishirini kamili, ndipo uepue. Hukutumia saa. Nilikutania siku nyingi.

"Mama Twahiru, Mungu anajua kama maji yameiva. Haombi kuhesabiwa."

"Mungu anajua," ulisema. "Tumbo ya mutoto wa mutu ndo haijui."

Miaka kumi na minane ulifanya hivyo, na hakuna mutoto aliyewahi kuugua kwa barafu zako. Naomba watu wasome sentensi hiyo mara mbili.

Maana mnajua wenyewe mnayoyasema. Mnasema barafu za Mama Twahiru zilimwua Christa.

Christa alikuwa mutoto wa jirani yetu Charline, wa mlango unaotazamana na wetu. Alikuwa na miaka sita. Alipenda za marakuja, na alikuwa na tabia ya kukuletea kile kifuko kitupu baada ya kumaliza, kukuonyesha kwamba hakuacha kitu. Ulimwita mkaguzi wako.

Siku vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika asubuhi. Charline alikuja kwetu na Christa kwa sababu nyumba yetu ina kuta za mawe. Wakaja na watoto wengine wa majirani, kumi na tisa kwa jumla, nikawahesabu mimi. Uliwalaza chini ya vitanda. Saa sita hivi ukasikia maji yanaanza kudondoka kutoka kwenye frigo. Ukalifungua. Ukatoa zote, za marakuja, za nanasi, za maziwa ingawa haikuwa Ijumaa, ukaanza kuzisukuma chini ya vitanda kwa mafungu.

"Kuleni, kuleni, leo hakuna kulipa," ulisema.

Nje milio inapasua masikio, mabati yanatetemeka, na chini ya vitanda vyangu watoto kumi na tisa wananyonya barafu. Mmoja akauliza kama na kesho kutakuwa na vita. Nilicheka, Asumini. Wallahi nilicheka, na wewe ukacheka, hata Charline aliyekuwa akilia akacheka. Nikiambiwa nichague siku moja ya maisha yetu irudi, ningeomba ile saa, na isifike saa iliyofuata.

Siku ya tatu baada ya hapo Christa akaanza kuharisha maji matupu. Usiku wa siku hiyo nawe ukaanza. Wote wawili mkapelekwa kwenye mahema ya kipindupindu. Christa alifariki Alhamisi. Charline akasimama katikati ya njia akapiga ukelele kwamba ni barafu zile zilizoyeyuka, na kartie nzima ikasikia. Wewe ukafariki Jumamosi.

Hayo mnayajua. Yafuatayo hamyajui.

Kumi na tisa walikula barafu zile. Kumi na wanane hawakupata hata kichefuchefu. Mimi nilikula tatu.

Mchana ule ule, baada ya barafu kwisha, robine ilikuwa imekauka na watoto walitaka maji. Nilichukua bidon, dumu letu la maji, nikashuka ziwani. Nilijiona mwanaume. Niliporudi, ulikuwa chini ya kitanda, Christa kifuani pako, viganja vyako kwenye masikio yake. Hukuweza kutoka. Ukaniambia kutoka huko chini, "Papa Twahiru, chemusha. Soma zote ishirini."

Mbabula ilikuwa uani. Nilifika uani, risasi ikapiga bati la jirani, na mimi nikakimbilia nyuma ya ukuta wa choo. Nikakaa pale. Sikuwasha makaa. Nilikaa muda ule ambao maji yangechemka na kupoa, nikihesabu nafsini, kisha nikaingia na bidon.

Ramla ameacha kuandika. Ananitazama.

"Papa, unasema nini?"

"Andika."

"Papa, unasema nini?"

Ameweka simu juu ya meza, ametoka. Nimesikia mlango wa uani. Sasa ninaandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Makosa mtanisamehe. Makosa ya maandishi, nina maana.

Uligusa kikombe ukasema, "Mbona iko baridi?"

Nikasema nimeyamimina mara mbili yapoe.

Ukasema, "Ulisoma zote?"

Nikasema, "Zote."

Ulimpa Christa kwanza, kwa sababu barafu zilikuwa zimemtia kiu. Yaliyobaki ukanywa wewe. Wale watoto wengine walikuwa wamelala, na jioni Charline alipata chupa za maji ya dukani akawapa. Mimi sikunywa. Niseme sikuwa na kiu? Sikunywa.

Kule kwenye hema ulikuwa umekauka mpaka sauti. Mwanamke wa kitanda cha pili ndiye aliyekuletea habari za Christa na za maneno ya Charline. Nilipoingia ulikuwa umekwisha kuyasikia. Ulinishika mkono wa shati.

"Papa Twahiru, ile maji ulichemusha?"

Hapo ndipo ningesema. Daktari alikuwa mbali, mwanamke wa kitanda cha pili amegeukia ukutani, tulikuwa wawili tu. Nilitazama macho yako yalivyozama, nikaogopa utakufa unanichukia. Nikasema, "Nilichemusha."

Ukasema, "Basi ni barafu yangu. Nimeua mutoto wa Charline."

Nikasema usiseme hivyo. Ndicho peke yake nilichosema.

Ukaniagiza niende kwa Charline nikuombee msamaha. Na mimi nikaenda, Asumini. Kwa miguu yangu, nikiwa na akili zangu zote. Nikasimama mlangoni kwa mama aliyefiwa nikasema, "Mama Christa, mke wangu anaomba umsamehe kwa ajili ya barafu." Akanifungia mlango. Tangu siku hiyo kila mtu alikuwa na ushahidi. Mume wake mwenyewe amekuja kukiri, walisema, mnataka nini tena? Nilirudi hemani nikakudanganya kwamba amekusamehe. Ulifariki baada ya alasiri.

Kwa hiyo wewe umekwenda mbele ya Mola wako ukiwa na damu ya mutoto wa mtu mkononi, mutoto ambaye hukumwua. Siwezi kukufikia huko. Nimeswali, nimetoa sadaka, nimesoma khitima, na bado kuna neno moja ambalo ulipaswa kulisikia ukiwa na masikio, nami nilikuwa nalo mdomoni.

Umeme ulirudi. Frigo linakoroma tena, tupu. Likizo ya kiangazi Ramla alijaribu. Alichemsha, akasoma zake ishirini kama ulivyomfundisha, akafunga mafundo yako madogo, akafungua dirisha la jiko. Walikuja watoto wawili wageni wa mtaa, na kabla hawajafikia dirisha mama mmoja akawavuta kwa masikio. Jioni Ramla alizimwaga zote chooni. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo sebuleni nikimwangalia anapita na beseni, na sikusema kitu. Mnaona ni mtu wa namna gani.

Watoto wametunga wimbo juu ya nyumba yetu. Hauna haja ya kuandikwa hapa. Walioutunga ni wale wale waliokuwa chini ya vitanda.

Ramadhani inakaribia. Kila Ramadhani ulikuwa ukiwagawia majirani barafu za maziwa wakati wa kufuturu, Waislamu na Wakristo, na Charline alikuwa wa kwanza kukuletea sahani yake. Mwaka huu tena hapatakuwa na sahani.

Sasa ninachemsha kila tone linaloingia nyumba hii, hata la kunawa. Nangoja mfuniko ucheze, nasoma ishirini. Hakuna wa kumchemshia.

Charline, Mama Christa, haya ni yako pia. Sikuombi kitu. Ule msamaha niliokuja kuuomba kwako ulikuwa wa mtu asiye na kosa, nami nauondoa. Barafu hazikumwua mwanao. Ni maji, na maji niliyaleta mimi, na mimi ndimi niliyesema yamechemshwa. Mlango wetu unaujua. Ukitaka kuja kunitukana njoo mchana ili watu wasikie.

Nimempigia Twahiru mwanetu kule Kiwanja nikamwambia yote kabla sijayatuma haya. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Mama alijua?" Nikasema hapana. Akakata simu. Nimepiga mara nne.

Ramla amerudi. Amesimama amesoma yote, kuanzia pale alipoachia. Nilifikiri atayafuta. Hakufuta. Nimemwuliza kama niweke jina lake kwenye orodha ya wanaokukumbuka, au nisiweke.

"Weka," amesema. "Lakini usiliweke karibu na lako."

Wanaokukumbuka, Asumini binti Shukuru, Mama Twahiru, mwenye barafu wa Mapendo:

Ramla, binti yako.

Twahiru, mwanao.

Watoto kumi na wanane wa chini ya vitanda, wakitaka au wasitake.

Hatutakusahau maisha yetu yote.

Na huku chini, peke yake: Hassani, aliyekuwa mume wako. Sikusoma hata moja.